Namna ya kufanya farmasi yako isikuwe duka ya kinini (vidonge) tu (mambo nilijaribu apa Bukavu)

"Dokta, unipatie amoxi mbili, paracetamoli mbili, na ile franka inabaki uniwekee kitu ya kikohozi."

Kama unafanya ku farmasi apa Bukavu, iwe Kadutu, Panzi, Essence ao kule Bagira, hiyo maneno unaijua kwa kichwa. Mama ameshika franka 1000 ameikunja mara ine, nyuma yake kuko watu wengine wanasukumana, motari anapiga honi mu njia, wewe unakata plaketi na makasi, unafunga mu ka karatasi, "moja asubui, moja mangaribi", haya mwingine! Na wote wanatuitaga dokta, ata mtoto ya patro aliyeshika kontwari sababu mkubwa yake ameenda ku soko, naye ni dokta.

Nilifanya kazi vile miaka mingi, sifichi. Sasa najihesabia kazi imeisha siku mgonjwa amepona, ao siku nimejua juu ya nini hakupona. Wazo si yangu, mu 1990 wamarekani wawili, Hepler na Strand, waliandika kwamba farmasieni anapaswa kujibu juu ya matokeo ya dawa kwa mgonjwa, na toka pale nchi mingi zilibadilisha kazi yetu kabisa. Ufaransa tangu 2019 farmasieni anadunga chanjo ya gripe palepale ku farmasi. Uingereza, tangu mwisho wa Januari 2024, mtu mwenye kuumwa koo ao mwanamke mwenye mkojo wa kuchoma anaweza kutibiwa na farmasieni bila kupita kwa daktari. Sisi hatuko na ruhusa ya mambo ile na sikuambie uanze kudunga watu nyuma ya pazia, wengine wanafanyaga vile na unajua inaishaga namna gani. Lakini kuko mingi tunaweza kufanya na hii tunayo.

Anza na kaye, rangi ya ukuta itangoja

Watu wakitaka kupandisha farmasi yao wanawazaga vioo, taa, kompyuta, kibao kikubwa chenye musalaba wa kijani. Nunua kaye kwanza. Chora kolone: tarehe, dawa, ni ya nani (miaka, na kilo kama ni mtoto), iko na mimba ao ananyonyesha, dawa gani ingine anakunywa, na kolone ya mwisho ifanye pana kuliko zote, juu yake andika "ilikuwa aje nyuma". Jina usiandike, andika numero ya telefone kama mwenyewe amekubali ao alama tu ya kukumbusha, mimi niko na "mama wa avoka" na "muzee wa kofia". Na kaye isilale wazi juu ya kontwari watu wakasoma magonjwa ya wajirani.

Si kila mtu unamuandika, hautaweza. Andika mtoto chini ya miaka mitano, mama mwenye mimba, mtu wa tansio, wa sukari, na kila mtu anabeba antibiotiki.

Nilijua bei ya kaye kupitia yule muzee wa kofia. Alikuwa anakuja kila wiki ine kununua dawa yake ya tansio, mtu ya heshima, analipa bila kusumbua, na kila mara analalamika tansio haishuke, daktari yake amemuongezea dozi mara mbili. Mu katikati ya mwezi alikuwa anapitaka tena, jioni, kununua ibuprofeni juu ya magoti, sababu anapanda na kushuka mulima kila siku. Mimi njo nilikuwa namuuzia zote mbili! Ibuprofeni inapandishaka tansio na inapunguza nguvu ya dawa mingi za tansio, hiyo nilisoma ku masomo, niliijua vizuri, lakini dawa moja nilikuwa namuuzia tarehe 2 na ingine tarehe 15 na kichwa yangu haikuziunganisha hata siku moja. Siku nilianza kuandika, mistari mbili ilikutana ku ukurasa moja nikasikia haya. Tulimuweka ku paracetamoli, nikamuandikia ka barua kwa daktari yake, na nyuma ya wiki chache tansio ilianza kushuka.

Maulizo tatu mbele ya kutoa dawa

Kule Marekani, Indian Health Service, idara inayotibu wenyeji wa asili wa nchi ile, ilieneza maulizo tatu ambayo kila farmasieni anaweza kutumia: daktari alikuambia hii dawa ni ya nini? alikuambia uikunywe namna gani? alikuambia utarajie nini? Angalia vile yote inaacha mgonjwa aongee. Ukimuuliza mtu "umeelewa?" atakujibu "ndiyo dokta" ata kama hakusikia kitu, ni adabu tu, hawezi kukuambia umeongea vibaya.

Mimi mwisho naongezaga moja: "Mama, ukifika nyumbani, baba ya watoto akikuuliza hii inakunywiwa aje, utamuambia nini?" Pale njo unaonaga mambo. Mama moja alinijibu vizuri kabisa, kijiko moja mara tatu, nikamuuliza kijiko gani, akanionyesha na mkono, ilikuwa ya kupakulia maharagi.

Juu ya siro nitakaa kidogo, sababu apa watoto wanaumizwa bila mtu kujua. Siro ya paracetamoli iko ya 120 mg ndani ya mililita 5, na kuko ingine ya 250 mg ndani ya mililita 5 zilezile, chupa zinafanana, rangi ya pinki, ladha ya fraise. Mtoto wa kilo 8 anapata kama 120 mg kila mara, isipite mara ine kwa siku. Ukimuambia mama "mililita tano" bila kusoma chupa, na mara hii umeleta ile ya 250, umemupa mtoto mara mbili. Basi: pima mtoto (balansi ya kawaida inatosha, mama apande na mtoto, kisha apande peke yake, unatoa), soma chupa kila mara ata kama unaijua, na umupatie sirenge ya mililita 5 bila sindano, uweke mustari na bic pale dawa inapaswa kufika. Sirenge ni franka kidogo, mimi naitoaga bure.

Amoxicilini ya unga nayo usiitoe kavu kama unaweza. Fungua mbele ya mama, tikisa unga, tia kwanza sehemu ya maji iliyochemuka na kupoa, si yote mara moja, tikisa, kisha ongeza mpaka ku alama. Umuonyeshe kutikisa kila mara mbele ya kupima dozi. Muandikie ku chupa siku ya kuitupa kufuatana na notisi, mara mingi ni siku 7.

Dozi nusu

Tufike pale panauma. Yule mama wa franka 1000 utamufanya nini? Ukimukatalia anavuka njia, kwa jirani atapewa, umepoteza klienti na yeye hakupata kitu ya maana. Ukimupa amoxi mbili umemuibia, hiyo ni kweli ya wazi, sababu kinini mbili haziponyeshe pneumonia na kama ni gripe hakuihitaji ata moja.

Namna nafanyaga: kwanza najua ni ugonjwa gani. Mtu wa mafua, koo inawasha, hana homa kali, hapumui mbio, ule namuondolea antibiotiki ku liste, namupa paracetamoli, namuambia maji ya moto na asali na arudi siku ya tatu kama haijapungua, na ile franka yake inatosha ata inabaki. Klienti anafurahi, mimi nimepoteza faida kidogo leo, lakini anarudi na anamleta mukwe yake. Kama ameleta ordonansi ya vitu sita na pesa ya vitu viwili, usichague wewe peke yako na usimkatie kila kitu nusu, piga telefone kwa mwenye kuiandika, uliza gani njo ya lazima. Mara mingi vitamini na siro ya hamu ya kula zinatoka na pesa inafika ku dawa yenyewe, yote, nzima.

Na kama dawa ni ya lazima na pesa haifike, mimi nakubaliaga alipe mara mbili. Anabeba dozi yote leo, nusu ya pesa inaandikwa mu kaye na siku ya kulipa. Watu wataniambia "utafilisika". Kuko walioniponyoka, ndiyo, lakini wachache kuliko nilivyoogopa, na wengi wanaleta sababu wanajua kesho watoto yao watarudi pale. Kama farmasi si yako ongea na patro mbele, usifanye ukarimu na pesa ya mwenyewe.

Dawa ya malaria ile haikatwe hata siku moja. Artemeteri-lumefantrini ya mtu mukubwa ni kinini 24: ine leo, ine nyuma ya saa 8, kisha ine asubui na ine mangaribi kwa siku mbili zinafuata. Wengi wanaachaka siku ya pili sababu homa imeshuka. Waambie wazi kwamba homa inashukaka mbele, wadudu wanabaki. Na ikunywiwe na chakula yenye mafuta, nusu ya avoka inatosha, ao samaki ndogo za sambaza za kukaanga, bila mafuta dawa inaingia kidogo mu mwili na mtu anasema "hii dawa ni ya uongo". Akitapika nusu saa haijapita, arudilie dozi. Na mbele ya yote hayo uliza kama amepimwa, sababu apa kila homa inaitwa palu (malaria).

Kila tumbo nayo inaitwa "amibi na tifoidi", mtu anakuja ameshajitibu mu kichwa, anataka sipro na metronidazoli. Sipro, OMS (shirika la afya la dunia) iliiweka mu kundi ya antibiotiki za kuchunga, amoxicilini iko mu kundi ya zile za kutumia kwanza. Tukiimaliza sipro kwa kila tumbo inanguruma, siku tifoidi ya kweli itakuja tutaipiga na nini? Mtu wa kuhara maji bila damu, bila homa kali, dawa yake ya kwanza ni ya bei rahisi kuliko zote: SRO (unga ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), na kwa mtoto unaongeza zinki siku 10 mpaka 14, 20 mg kwa siku, ila chini ya miezi 6 ni 10 mg.

Sasa hiyo SRO, angalia chupa! Pakiti moja ni ya litre moja kamili. Nyumbani kwetu chupa ya maji ni litre moja na nusu, na chupa ya bia ya Primus ni sentilitre 72. Mu ile ya kwanza dawa inakuwa maji-maji, mu ya pili inakuwa kali sana na chumvi mingi kwa mtoto ni hatari. Mimi niko na chupa tupu ya plastiki ya litre na nusu ku kontwari, nimefunga skochi nyekundu pale litre moja inaishia, kila mama anaiona na wengine wameenda kuweka skochi kwao. Nyuma ya saa 24 inamwagwa, inatengenezwa ingine. Apa karibu na ziwa kolera haituachake, hii jambo ya chupa ifundishe mpaka uchoke.

Dawa yenyewe, unaitoa wapi na inalala wapi

Mwisho wa 2014 mpaka 2015, kule Ituri, watu zaidi ya elfu moja walikakamaa shingo na uso, ulimi unatoka inje. Mwanzo walifikiri ni meningiti. Ilikuwa kinini: ku buate waliandika diazepamu, ndani mulikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Nasikiaga watu wanasema dawa za uongo ni mambo ya Kinshasa ao ya mbali, Ituri ni apa tu juu. OMS mu 2017 ilisema kwa nchi kama zetu dawa moja ku kumi ni ya uongo ao haina kipimo.

Kwa hiyo bei ikishuka sana jiulize. Nunua kwa depo inatoa faktire yenye numero ya lot (kundi ya dawa zilizotengenezwa pamoja), na ukifika linganisha lot ya faktire na ya buate, na ya plaketi ndani. Buate kubwa ya kinini 1000 zisizo na plaketi mimi niliacha kuinunua, ukishaifungua hakuna mtu anajua tena ni nini. Ukishuku dawa usiitupe na usiirudishe kimya-kimya kwa muuzaji, iweke pembeni mu mufuko, andika "usiuze", na upeleke habari ku zone de santé ao ku inspeksio ya afya ya provensi, ACOREP njo mamlaka ya dawa ya nchi na habari inapaswa kufika kule.

Ku etajere: ile inaisha tarehe mbele ikae mbele, mpya zinaingia nyuma. Nunua termometa ya ukuta. Watu wanasema Bukavu iko na baridi, weka termometa chini ya mabati saa nane ya mchana utaniambia, kwangu ilisoma 33 na mabuate mengi yameandikwa chini ya 30. Niliweka plafo ya tripleksi na nikashusha dawa kutoka juu, basi. Kama unauza insulini ao oksitosini bila frigo ya kuaminika, acha. Zinataka kati ya 2 na 8, na zikigandaga zimekufa ata kama zinaonekana nzuri. Jaza chupa za maji mu frigo, umeme ukikatika zinashika baridi saa kadhaa.

Kuongea na daktari, na kujua pale kazi yako inaishia

Wengi tunaogopaga kupiga telefone kwa daktari, na ni kweli kuko wenye kukasirika. Inategemea unaanza namna gani. Mama moja alikuja na ordonansi ya doksisiklini, nikamuuliza ulizo la mimba, akacheka, ni miezi ine, haijaonekana bado. Nilipiga: "Bonjour dokta, pole kukusumbua, niko na mama yako apa ku farmasi, amenieleza iko na mimba ya miezi ine, labda hakukuambia. Tufanye aje na doksi?" Jibu: "Ah, kweli hakusema, aksanti, umupe ingine, niandike." Ile neno "labda hakukuambia" inafungua mlango, mpe mtu njia ya kutoka na heshima yake.

Na kuko wale hauwauzie kitu, unawatuma mbio: mtoto hawezi kunyonya ao kunywa, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, amelegea haamke vizuri; mama mwenye mimba anatoka damu ao kichwa inamuuma sana na macho inaona giza. Bandika hiyo ukutani upande wako wa kontwari pamoja na numero za sentre mbili za karibu na ya motari unamuamini. Usimuuzie "kitu ya kumsaidia njiani". Ile kitu ya njiani inapotezaka saa.

Yule unamuacha ku kontwari naye umfundishe, mdogo yako ao stajere. Mimi niliandika dawa ambazo hauze kama siko: tramadoli, diazepamu, misoprostoli, sindano zote, na deksametazoni. Hiyo ya mwisho ni sababu ya wadada wanaitafuta ya kunenepa, wanakuja na jina limeandikwa mu telefone, na ukiwaambia inaharibu sukari, tansio na mifupa wanakuangalia kama unawaonea wivu. Ongea nao pembeni. Niko na kiti nyuma ya kitenge nimekitundika ku kona, haikugharimu kitu, na toka nikiweke kuna mambo watu wananiambia ambayo mbele ya foleni hawangeyasema: mkojo unachoma, bwana amesafiri na amerudi na ugonjwa, kinini za uzazi zimeisha.

Siku ya Posho (Jumamosi), nyuma ya salongo (kazi ya usafi ya wote), nakaa na kaye nusu saa. Napigia wale wa kolone ya mwisho ambayo iko tupu: "Mama, mtoto alimaliza dawa? Anakula?" Wengi wanashangaa, moja aliniuliza kama namdai pesa. Ukinunua kaye chukua ile ya kurasa 200 ya jalada ngumu, ile nyembamba ya watoto wa shule kwangu ilijaa wiki mbili.